Mfinyanzi Hajulikani

Kwenye dirisha la mapokezi nilipewa fomu na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Jina la mgonjwa. Umri. Anakotoka. Kazi. Nilijaza haraka, maana nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi pembeni yangu, mikono juu ya magoti, uso ameuelekeza kwenye feni. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunga jicho la kulia lote na la kushoto nusu. Masikio, hata hivyo, yalikuwa mazima. Aliisikia kalamu.

"Kwenye kazi umeandika nini?"

"Mkulima, mama."

"Futa. Andika mfinyanzi."

Nikamwambia nimefuta. Sikufuta. Nilijiambia ni kwa ajili ya foleni, na kwamba daktari wa macho haihusu kama mgonjwa anapanda alizeti au anafinyanga vyungu. Lakini nilijua si foleni.

Nilipoingia kidato cha kwanza, shule ya bweni, tulipewa fomu ya namna hiyohiyo. Kazi ya mzazi. Wenzangu karibu wote waliandika mkulima, na mimi nikaandika mkulima. Siku ya kutembelewa mama alikuja kutoka Ihanja na mtungi mdogo kichwani, zawadi kwa mwalimu wa bweni, na udongo ukiwa umekauka kwenye kucha zake kwa sababu alikuwa amefanya kazi hadi jana yake usiku. Msichana mmoja wa mjini aliuliza huyo bibi wa vyungu amekuja kwa nani. Nilichelewa kujibu. Kuchelewa huko mama alikuona. Hakusema neno, siku ile wala baadaye, na hakuja tena na mtungi.

Kwa asiyekujua Ihanja, ni kwetu Unyaturu, wilaya ya Ikungi, nchi ya mawe makubwa yaliyokaa juu ya mengine kama yaliyopangwa na mtu, na katikati yake mashamba ya uwele, mtama na alizeti. Mvua ni moja kwa mwaka, na ikishindwa imeshindwa. Udongo wa kufinyangia mama alikuwa akiuchimba bondeni, kiangazi, baada ya mavuno, kwa sababu masika bonde linajaa maji na wanawake wako shambani. Anauanika, anautwanga, anauchekecha, anauchanganya na unga wa vigae. Hilo la vigae lilinifurahisha nilipokuwa mdogo: chungu kilichovunjika hakitupwi, kinasagwa kinaingia tumboni mwa kingine, ndicho kinachokifanya kisipasuke motoni. Mama alikuwa na kipande cha kigae cha mtungi wa mama yake ambacho alikuwa akikikwangua kidogo tu kila msimu, kama mtu anayekwangua dawa.

Hakuwa na gurudumu. Alikuwa akizunguka yeye. Chungu kimekaa chini, mama ameinama, nyuma anakwenda hatua kwa hatua, mkono mmoja ndani mmoja nje, akiongeza miviringo ya udongo juu ya mviringo. Kipande cha kibuyu kwa kukwangua, gunzi la hindi kwa kuweka nakshi shingoni, jiwe la mtoni kwa kung'arisha. Mimi kazi yangu ilikuwa kukusanya samadi kavu na mabua ya kuchomea. Siku ya kuchoma haruhusiwi mtu kuongea hovyo. Nilidhani ni mwiko. Baadaye mama alinieleza kwamba anataka kusikia. Chungu kikipasuka kina sauti, na ukiijua sauti unajua kosa lilikuwa wapi.

Kisha ndoo za plastiki zikaja, na sufuria zikashuka bei. Nilipomaliza shule wanunuzi walikuwa wamebaki wapika pombe, waganga, na wafanyabiashara wa mjini wawili watatu waliokuja na gari kununua mitungi ya kupandia maua. Mmoja wao alinunua kumi kwa mkupuo na kumwomba mama aichafue kidogo ionekane ya zamani. Mama alikataa. Mtu huyo akainunua hivyohivyo na, naamini, akaichafua mwenyewe.

Upasuaji ulichukua muda mfupi kuliko foleni. Kesho yake walipofungua bandeji ya jicho la kulia, mama alinitazama kimya, kisha akasema, "Kumbe na wewe umezeeka." Muuguzi alicheka mpaka akaketi. Jicho la pili lilipangiwa wiki 3 mbele, na mama akawa mgeni wangu Kimara, chumba na sebule, hana jembe, hana udongo, na jicho moja jipya ambalo hakutaka likae bure. Nilimpeleka baharini. Akasimama dakika kama 10 akasema maji yote haya na hayanyweki, turudi nyumbani.

Nafanya kazi duka la dawa. Jumamosi yangu ya mapumziko huwa naipeleka kwenye maonyesho ya sanaa. Ni tabia niliyoianza nilipohamia Dar es Salaam sina rafiki, kwa sababu mahali pa picha mtu anaweza kusimama peke yake bila kuonekana amekosa mwenzake. Nimewahi kukaa siku nzima Nafasi, kule Mikocheni, nikitazama watu wakichora ndani ya makontena. Nyumba ya Sanaa, ile iliyoanzishwa na Sista Jean Pruitt mwaka 1972, mimi sikuiwahi. Basi nikaona mama naye nimpeleke ninakokwenda.

Tulianza na Makumbusho ya Taifa, karibu na bustani ya mimea, jengo lililofunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya mfalme wa Waingereza, na ambalo sasa limeongezewa majengo mengine na kuitwa Nyumba ya Utamaduni. Mama hakujali mfalme. Alichotaka kuelewa ni habari ya fuvu la Zinjanthropus, lile la Olduvai.

"Nani aliliokota?"

"Mama mmoja Mzungu, Mary Leakey. Tarehe 17 Julai 1959. Mume wake siku hiyo alikuwa kambini anaumwa."

"Na ameandikwa kwamba ni yeye?"

"Ameandikwa."

Aliridhika. Nilimwongezea kwamba huyo mama kazi aliyoanza nayo ilikuwa kuchora. Alichora zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya wengine kabla hajajulikana kwa kuokota mifupa, na mwaka 1951 alikwenda Kondoa, jirani zetu kabisa, akakaa miezi akinakili michoro ya miambani, wale watu wembamba wenye nywele kubwa na twiga wa rangi nyekundu. Michoro hiyo iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006.

"Na waliochora miambani?"

"Hao hawajulikani, mama. Ni zamani sana."

"Sawa. Hao ni zamani," akasema, kama mtu anayetoa punguzo mara moja tu.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwenye maonyesho mengine, ambayo sitayataja yalikuwa wapi. Yalihusu kazi za mikono za wanawake. Yalipangwa vizuri: vikapu, shanga, mikeka, taa ndogo juu ya kila kitu. Mlinzi kijana alimwamkia mama, "Shikamoo bibi," na mama akaitikia "Marahaba baba," akaingia kama anaingia sokoni, yaani moja kwa moja kwenye vyungu.

Mtungi ulikuwa juu ya kisanduku cheupe. Karatasi yake ilikuwa na maneno machache na nilimsomea: Mtungi wa maji. Udongo. Wanyaturu, Singida. Mfinyanzi hajulikani.

"Hajulikani na nani?"

Nilidhani hakusikia vizuri. Nikarudia. Akarudia na yeye, taratibu, kama mtu anayemsaidia mtoto: "Hajulikani na nani? Hawa walikikuta porini? Kimeota?"

Nikamweleza kwamba labda alikinunua mtu, akakiuza kwa mwingine, huyo akakitoa zawadi, na njiani jina likapotea. Mama alikuwa ameshaacha kunisikiliza. Alikuwa ameweka mkono ndani ya mtungi. Mkono mzima, mpaka kiwiko.

"Bibi, samahani," mlinzi alisema, "hairuhusiwi kugusa."

"Nausoma, baba. Jicho langu moja bado."

Sijui kwa nini yule kijana hakusisitiza. Huenda na yeye ana mama mahali. Alisogea akasimama kati yetu na mlango, akatazama kwingine, na mama akaendelea kuzungusha vidole ndani ya mtungi huku macho ameyafumba, lile zima pamoja na lile bovu.

"Huyu alitumia mkono wa kushoto," akasema. "Gumba limelalia huku. Mimi langu linalala kule." Akashuka hadi chini. "Udongo mwingi mno kwenye makalio. Bado mgeni wa kazi, anaogopa kisianguke. Lakini mdomo," akautoa mkono akapitisha kidole kwenye ukingo, "mdomo huu hakuufanya yeye. Huu ni wa mtu mzima. Mama yake alimmalizia, au mama mkwe." Kisha akazunguka kisanduku akaonyesha doa jeusi ubavuni. "Na siku hiyo upepo uliwageuka. Kama wangesubiri jioni."

Mlinzi alikuwa amegeuka anasikiliza. Mimi nilikuwa nimesimama na karatasi ya kiingilio mkononi. Kwa dakika zile mtungi ulikuwa na watu wawili, mmoja anayetumia kushoto na anayeogopa, mwingine aliyekuja kumsaidia mdomo, na jioni ambayo hawakuisubiri. Ile karatasi iliyobandikwa haikuwa na hata mmoja wao.

"Ni wa kwetu kweli?" nikauliza.

"Nakshi ni ya kwetu. Ya upande wa pili labda, si Ihanja. Ihanja ningemjua."

Hilo si majigambo. Nilipokuwa mtoto, mwanamke akiazimwa chungu hakuwa na haja ya kuuliza ni cha nani wakati wa kurudisha. Aliutazama ukingo. Kijiji kizima kilikuwa kinasoma ukingo kama sisi tunavyosoma mwandiko.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikaa kitandani na mama, kebo ya chaja imevutwa hadi mwisho, nikamwonyesha kwenye simu wanawake ambao majina yao nilikuwa nimeyabeba peke yangu kwa miaka. Nilianza na Magdalene Odundo, aliyezaliwa Kenya mwaka 1950 na anayeishi Uingereza. Anafinyanga kwa mkono, bila gurudumu, na sehemu ya ujuzi wake aliupata Nigeria, Abuja, kwenye kituo alikokuwa akifanya kazi Ladi Kwali, mfinyanzi wa kijijini ambaye leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20.

"Kwenye hela?"

"Kwenye hela, mama. Yeye na mtungi wake."

Alinyamaza. Kisha akachukua simu, akaikuza picha ya chungu cha Odundo kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha, akaisogeza karibu na jicho zima. Chungu chekundu cha machungwa, shingo ndefu, tumbo limejaa kama la mjamzito. "Hiki hakitekei maji," akaamua. "Lakini amekisugua huyu. Amekisugua siku nyingi." Nikamweleza kwamba vyungu vyake vyeusi ni vilevile vyekundu vilivyorudishwa motoni na kunyimwa hewa, moshi ukaingia kwenye udongo. Mama akanitazama kwa huruma. "Tunafunika kwa pumba," akasema. "Ungekuwa unasikiliza ungejua."

Kisha Everlyn Nicodemus, wa Marangu, aliyezaliwa 1954. Alikwenda Sweden akasoma habari za jamii za watu, akarudi nyumbani, na mwaka 1980 akafanya maonyesho yake ya kwanza palepale Makumbusho ya Taifa tulikokuwa wiki iliyopita. Picha yake mwenyewe aliyoichora mwaka 1982, yenye nyuso kadhaa zilizoingiliana, ilinunuliwa mwaka 2022 na jumba la picha za watu mashuhuri la London. Ilikuwa mara ya kwanza jumba hilo kupata picha ya rangi ambayo mwanamke mweusi amejichora mwenyewe. Ila kilichomgusa mama si London. Ni kwamba kati ya 1984 na 1986 Nicodemus alikusanya wanawake wa kawaida, kwanza kule Denmark, kisha Dar es Salaam, kisha Calcutta, akakaa nao, wakazungumza maisha yao, ndipo akachora.

"Aliwauliza?"

"Aliwauliza."

"Mimi mwaka huo nilikuwa na wewe mgongoni," akasema. "Ningemwambia mengi."

Wa mwisho nilimwacha makusudi. Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, mwaka uleule wa 1954, alichukuliwa Uingereza akiwa mchanga, na mwaka 2017 akashinda tuzo ya Turner. Mwaka 2004 alitengeneza sanamu bapa za mbao 100, za urefu wa mtu, za watumwa waliokuwa wakitumikia majumba ya Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi pia. Kila mmoja ana maelezo mafupi yanayotaja jina lake la kwao, na lile alilopewa na mabwana, na kazi yake ya kweli, na kazi anayofanyishwa.

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia kwamba kwenye fomu ya hospitali sikufuta.

Mama alirudisha simu akailaza kifudifudi juu ya shuka. "Najua," akasema. "Kufuta kuna sauti yake."

Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Aliuliza kama mlango nimeufunga, akageukia ukutani.

Kabla hajarudi Singida tulikwenda mahali pamoja zaidi. Ukisema Makumbusho mbele ya konda wa Dar es Salaam, atakushusha stendi ya daladala, na wengi wanaoshuka pale hawajawahi kujiuliza jina limetoka wapi. Limetoka kwenye Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa miaka ya 60, kilichopo hapohapo kando ya barabara ya Bagamoyo, na nyumba za asili za makabila zimejengwa chini ya miti. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye tembe la Wagogo. Ni majirani zetu, na tembe lao na letu ni ndugu: paa bapa la udongo, ndefu, chini, lazima uiname. Alizaliwa kwenye nyumba kama ile. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 70, walihamishwa na tembe likaachwa, na anasema mitungi mitatu ya mama yake ilipasuka siku ya kuhama, kwa sababu watu walikuwa wanaharakishwa.

Aliingia peke yake. Mimi nilibaki nje na watoto wa shule waliokuwa wakipigana picha. Alipotoka alikuwa na vumbi kwenye nywele. "Nzuri," akasema. "Ila haina moshi. Paa halina moshi, mchwa watalimaliza." Akamtafuta mtu wa kumwambia na akamwambia, na mtu huyo, ambaye ni mstaarabu, aliandika.

Nilimwuliza basi, tukiwa kwenye bajaji, kama angekubali kuja siku moja kufinyanga pale, mbele ya watu, siku za utamaduni zinapofanyika. Nilishaanza kupanga kichwani: udongo ungesafirishwa vipi, nani angeandika kikaratasi. Nilimwahidi jina lake lingeandikwa kwa herufi kubwa.

"Na nani atakuja kukusanya samadi?" akauliza.

"Mimi."

Alicheka mpaka dereva akatazama kwenye kioo.

Jina lake sijaliweka humu. Nilimpigia simu kumwomba ruhusa nilipoanza kuandika, akasema yeye si wa kuandikwa kwenye simu za watu, na kwamba wanaokunywa maji kwenye mitungi yake wanamjua. Nilibishana naye kwa vocha nzima. Nilimkumbusha mtungi wa kwenye kisanduku cheupe. Akasema yule wa kushoto naye, akiwa hai, anajijua.

Mwezi wa nane, jicho la pili likiwa limeshapona, alinipigia kwamba kuna mzigo kwenye basi. Nikaufuata stendi ya Magufuli saa 4 usiku. Boksi la mafuta ya alizeti, limefungwa kwa kamba za katani, ndani mtungi umezungushiwa kanga mbili na mabua. Mdogo, wa kukaa mezani, mwekundu, mdomo umetulia kabisa. Nilipoufikisha nyumbani niliutazama kila mahali kwa tochi ya simu. Niliingiza mkono. Gumba linalala upande wake, upande ule alionionyesha. Chini sikuona jina, wala herufi, wala alama yoyote ya kukwaruza.

Ubavuni, lakini, kulikuwa na maandishi makubwa ya kalamu ya wino mzito. Karani wa vifurushi kule Singida, alipoona boksi limechanika pembeni, alikuwa ameona bora aandike kwenye mzigo wenyewe: jina langu na namba yangu ya simu. Nimejaribu sabuni, ndimu, mafuta ya taa. Udongo uliochomwa kwa samadi unakunywa wino. Umeingia ndani na hautoki.